PHILIP VINCENT: MWANAFUNZI ALIYEITETEA SPRINGI YA NYUMA

Mpenzi msomaji, aisifuye mvua imemnyea. Nami nikisifu springi ya nyuma ya pikipiki, jua kwamba imeniokoa. Wengi wetu tumeonja safari hiyo siku ya kufungua shule. Unashuka stendi, unampata mtu wa boda boda, sanduku lako linawekwa mbele juu ya tangi, godoro linafungwa nyuma, na katikati mnabanwa wawili kama mishikaki. Halafu mnaingia barabara ya murram ambayo mvua imeitafuna mpaka ikabaki mashimo na makorongo. Pikipiki inaruka, sanduku linalia, lakini kwa kudra za Mwenyezi mnafika, na mgongo haujakatika.

Siku moja, hebu chungulia pale chini ya kiti. Utaona springi mbili nene, moja kulia na moja kushoto, kila moja imefungwa pamoja na bomba la mafuta. Hizo ndizo shokabzoba. Gurudumu likipanda juu ya jiwe, springi inajikunja na wewe hurushwi mbinguni. Jambo hili twaliona la kawaida, kana kwamba pikipiki ilizaliwa nalo. Kumbe wapi! Palikuwa na wakati ambapo mtu aliyetaka kutia springi kwenye gurudumu la nyuma alionekana kama aliyepungukiwa akili. Mmoja wa watu hao alikuwa mwanafunzi kama mimi na wewe. Jina lake lilikuwa Philip Conrad Vincent.

UTOTO NA MASOMO

Philip Vincent alizaliwa mwezi wa Machi mwaka wa 1908. Wazazi wake walikuwa Waingereza wenye shamba kubwa la ng'ombe nchini Argentina, na huko ndiko alikolelewa utotoni. Baadaye alirudishwa Uingereza kusoma. Aliingia shule ya bweni ya Harrow, shule ya matajiri yenye sifa kubwa, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge kusomea uhandisi.

Tusifichane, ndugu msomaji. Huyu hakuwa mtoto wa maskini. Baba yake alikuwa na uwezo, na bila ya mkono wa baba sijui kama leo tungemtaja. Hata hivyo, vijana wenye baba tajiri walikuwa wengi pale Cambridge, na wengi wao pesa ziliishia kwenye starehe. Vincent yeye alikuwa amepatwa na ugonjwa wa pikipiki. Akiwa bado mwanafunzi alikuwa akichora fremu na magurudumu, akifuta, akichora tena. Alipofika umri wa miaka 19 hivi, alikuwa ameunda pikipiki yake mwenyewe, na mwaka wa 1928 alipata hataza ya mtindo wake wa springi za nyuma. Hataza, kwa wasiojua, ni hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi ili mtu mwingine asimwibie wazo lake kwa muda uliowekwa.

Masomo ya Cambridge hakuyamaliza. Aliyaacha akaenda kuunda pikipiki. Hapo sikushauri umwige! Nakusimulia tu yaliyotokea.

TATIZO LENYEWE

Ili tuelewe ubishi uliokuwapo, inafaa tuzijue pikipiki za wakati ule. Katika miaka ya 1920, pikipiki nyingi zilikuwa na springi mbele. Nyuma hakuna. Gurudumu la nyuma lilifungwa moja kwa moja kwenye fremu, kama la baiskeli ya muuza maziwa. Kilichomsaidia dereva ni kiti chenyewe, ambacho kilikuwa na springi zake. Yaani makalio yalihurumiwa, lakini gurudumu halikuhurumiwa.

Na hapo ndipo penye siri. Watu wengi hudhani kazi ya springi ni kumstarehesha abiria. La hasha! Kazi yake kubwa ni kulifanya gurudumu liendelee kugusa ardhi. Gurudumu lisilo na springi likigonga tuta kwa mwendo wa kasi huruka hewani. Likiwa hewani haliwezi kusukuma pikipiki, haliwezi kushika breki, wala haliwezi kukaa katika njia yake kwenye kona. Kwa hiyo injini inanguruma bure na dereva yuko mikononi mwa bahati.

Sasa kama ni hivyo, kwa nini watu hawakutia springi mapema? Walijaribu. Kampuni ya Indian ya Marekani ilikuwa imeuza pikipiki zenye springi nyuma tangu mwaka wa 1913. Tatizo la majaribio mengi ya wakati ule lilikuwa viungo. Ukitaka gurudumu lipande na kushuka, lazima ulitie kiungo mahali fulani, kama kiwiko cha mkono. Viungo vile vilikuwa vyembamba. Vikila vumbi kwa miezi michache vinalegea, na gurudumu linaanza kuyumba kulia na kushoto kama mlevi anayerudi nyumbani. Katika kona hiyo ni hatari kubwa. Basi waendeshaji wa mashindano wakaamua kwamba fremu ngumu, hata kama inakuvunja mgongo, angalau ni ya kuaminika. Wauzaji nao wakaimba wimbo huo huo, na wanunuzi wakauitikia.

PEMBETATU YA VINCENT

Vincent aliutazama ubishi huo akauliza swali tofauti. Je, lawama ni ya springi, au ni ya kiungo dhaifu?

Hebu fanya jaribio dogo. Chukua vijiti vinne, vigongomee misumari kwenye pembe upate mraba. Usukume kwa kidole. Utaona unalala upande. Sasa chukua vijiti vitatu ufanye pembetatu. Sukuma utakavyo, haiendi popote, labda kijiti kivunjike. Ndiyo maana fundi wa paa la bweni letu alitengeneza kenchi zenye pembetatu, si miraba. Mwalimu wa Hisabati na fundi seremala hapo wanakubaliana.

Vincent alichukua wazo hilo hilo. Sehemu yote ya nyuma inayoshika gurudumu aliiunda kwa mabomba yaliyopangwa kwa pembetatu, ikawa ngumu isiyopindika. Kona moja ya pembetatu ilishika gurudumu. Kona ya pili, iliyo chini mbele, ilikuwa ndiyo kiungo, na aliiweka nyuma tu ya giaboksi, ikizunguka juu ya beringi imara zinazoweza kukazwa zikilegea. Kona ya tatu ilikwenda juu mpaka chini ya kiti, na hapo ndipo springi zilipolazwa. Gurudumu likipanda, pembetatu nzima inazunguka kwenye kile kiungo, na ile kona ya juu inazisukuma springi kuelekea mbele. Likishuka, springi zinalirudisha. Kulia na kushoto, hakuna nafasi ya kuyumba.

Tena kuna faida nyingine. Kwa kuwa kiungo kilikuwa karibu na giaboksi, umbali kati ya meno ya giaboksi na meno ya gurudumu haukubadilika sana gurudumu lilipopanda na kushuka. Kwa hiyo mnyororo haukulegea na kukaza ovyo. Waliosoma wenzo katika Fizikia wataelewa pia kwamba springi haikulazimika kusogea mbali kama gurudumu. Mwendo mrefu kule nyuma uligeuzwa kuwa mwendo mfupi chini ya kiti. Si mchezo! Na yote hayo yametoka kwa kijana wa miaka 20.

KUNUNUA JINA

Wazo analo, hataza anayo, lakini nani atanunua pikipiki ya mtu asiyejulikana? Wazee waliomtakia mema walimshauri atafute jina lenye sifa. Jina likapatikana: HRD.

Herufi hizo ni za Howard Raymond Davies, rubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia ambaye baadaye aliunda pikipiki zake, na mwaka wa 1925 akapanda moja ya hizo akashinda mashindano makubwa kabisa ya kisiwa cha Man. Lakini sifa haijazi tumbo. Biashara ya Davies ilianguka, na mwaka wa 1928 Vincent, kwa pesa za baba yake, alilinunua jina hilo. Akafungua kiwanda mjini Stevenage, kaskazini ya London, na pikipiki zake zikaitwa Vincent HRD.

Wateja walikuja? Wachache mno. Walilipenda jina la HRD, ila walipoona springi nyuma walikunja nyuso. Marafiki wa biashara wangemwambia mtu yeyote aondoe hicho kitu ili auze. Ingekuwa rahisi sana kuwapa watu fremu ngumu waliyoizoea. Vincent alikataa katakata. Tangu mwaka wa 1928 mpaka kiwanda kilipoacha kuunda pikipiki, alibaki na springi zake za nyuma.

MSAIDIZI KUTOKA AUSTRALIA

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kidole cha pili kilitoka mbali. Kuna Mwaustralia kijana, mhandisi, jina lake Phil Irving. Huyu jamaa alifika Uingereza kwa njia ya ajabu: alidandia nyuma ya mwenzake aliyekuwa akizunguka dunia kwa pikipiki, na pikipiki yenyewe ilikuwa Vincent HRD. Basi aliijua ile springi ya nyuma kwa mwili wake mwenyewe kabla hajaijua kwa kalamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 aliingia kazini Stevenage.

Wakati huo kampuni ilikuwa ikinunua injini kutoka kwa viwanda vingine. Mwaka wa 1934 walipeleka pikipiki kwenye mashindano ya kisiwa cha Man zikiwa na injini za kununua, na zote zikaharibika kabla ya kumaliza. Aibu iliyoje! Vincent na Irving wakaamua: kuanzia leo, injini ni zetu. Katika miezi michache wakawa wamebuni injini ya sentimita za ujazo 500, na mwisho wa mwaka huo huo ikaonyeshwa hadharani.

Mwaka uliofuata, 1935, kikatokea kisa kilichowafumba watu midomo. Mwendeshaji maarufu wa Ireland, Stanley Woods, alipanda pikipiki ya Kiitaliano ya Moto Guzzi yenye springi nyuma, akaishinda Norton yenye fremu ngumu katika mbio kuu za kisiwa cha Man kwa tofauti ya sekunde 4 tu. Haikuwa pikipiki ya Vincent, lakini hoja ilikuwa ya Vincent. Kuanzia hapo kusema ati springi ya nyuma inapunguza mwendo kulihitaji uso mkavu.

Irving naye, alipokuwa na michoro miwili ya ile injini ya 500 juu ya meza, aliona kwamba ukiilaza mmoja juu ya mwingine, injini mbili zinaweza kuungana kwa umbo la herufi V. Hapo ikazaliwa Rapide ya mwaka wa 1936, yenye sentimita za ujazo 998 na mwendo wa kama kilomita 177 kwa saa. Mwendo huo wakati ule ulikuwa wa kutisha.

PIKIPIKI ISIYO NA FREMU

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, kiwanda kiligeukia kazi za vita. Mchana kazi za serikali, lakini fikra zilikuwa kwenye pikipiki. Mwaka wa 1946 walitoa Rapide mpya, na hii, msomaji, ndiyo iliyowafanya mafundi wakune vichwa. Fremu ya kawaida ya mabomba haikuwapo! Injini na giaboksi zenyewe ndizo zilizokuwa uti wa mgongo. Juu yake lilifungwa sanduku la chuma ambalo lilikuwa pia tangi la oili. Springi za nyuma zilishikizwa mwisho wa sanduku hilo, na ile pembetatu ya nyuma ikafungwa moja kwa moja nyuma ya giaboksi.

Wazo la ujana sasa halikuwa kipande kilichoongezwa tu. Pikipiki nzima ilikuwa imejengwa kulizunguka.

Lakini dunia ni mwambangoma. Mwaka wa 1947 Vincent alipata ajali mbaya akiijaribu pikipiki ya kiwanda chake, akaumia kichwani vibaya. Alipona, ila mapenzi yake ya kupanda hayakurudi kama zamani. Aliyewatetea wapandaji wengine akawa mtu wa kutazama.

Mwaka wa 1948 ilitoka Black Shadow, nyeusi tititi mpaka injini, yenye nguvu za farasi 55 na mwendo wa karibu kilomita 200 kwa saa. Mwaka huo huo, tarehe 13 Septemba, Mmarekani Rollie Free aliipeleka Vincent kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah. Nguo zake za ngozi zilikuwa zimechanika, na hata hivyo zilikuwa zikishika upepo. Akazivua zote! Akabaki na chupi ya kuogelea, akajilaza kifudifudi juu ya pikipiki, miguu imenyooka nyuma kama mkia wa samaki, akapita kwa maili 150.313 kwa saa, yaani karibu kilomita 242. Picha yake ilienea dunia nzima. Ukiitazama utamwona mtu karibu uchi amelala tumbo juu ya chuma kinachokimbia. Hebu fikiri, gurudumu la nyuma lingeyumba kidogo tu ingekuwaje?

MWISHO WA KIWANDA

Laiti hadithi ingeishia hapo! Ukweli ni kwamba sifa na pesa ni ndugu wasiofanana. Pikipiki za Vincent ziliundwa kwa uangalifu mno, kwa vifaa vya bei ghali, na kwa hiyo zilikuwa ghali. Vita viliiacha Uingereza imechoka. Mwaka wa 1949 kampuni ilikuwa tayari katika hali mbaya ya fedha. Katika miaka ya 1950 magari madogo yalianza kupatikana kwa urahisi, na baba wa familia hakuona sababu ya kutoa pesa nyingi kununua pikipiki ya mashujaa. Vincent alijua kuunda kilicho bora. Kukiunda kwa bei ambayo watu wangeimudu, hapo alishindwa. Ule ukaidi uliomwokoa mwaka wa 1928 ndio uliomponza baadaye, kwani hakupenda kupunguza chochote. Mwezi wa Desemba 1955 pikipiki ya mwisho ilitoka Stevenage.

Vincent aliishi miaka mingine 23. Hakuwa tena na kiwanda, wala utajiri. Alifariki mwezi wa Machi mwaka wa 1979, akiwa na umri wa miaka 71.

Hata hivyo, kabla hajafa alijaliwa kuliona jambo moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mbelgiji mmoja mhandisi, Lucien Tilkens, alibuni mtindo wa springi moja tu ya nyuma, iliyofungwa chini ya tangi na kusukumwa na uma mgumu wa pembetatu. Kampuni ya Yamaha ya Japani iliuchukua, na mwaka wa 1973 Msweden Håkan Andersson akaupanda akawa bingwa wa dunia wa mbio za matopeni za daraja la 250. Watu wakashangilia jambo jipya. Wazee waliozijua Vincent walitazama wakatabasamu. Ile pembetatu walikuwa wameiona zamani. Wakati huo hataza ya mwaka wa 1928 ilikuwa imekwisha muda wake kitambo, na mzee Vincent hakuwa na senti ya kudai.

TUNAJIFUNZA NINI?

Tusije tukamtilia chumvi. Vincent hakuwa wa kwanza duniani kutia springi nyuma. Na zile shokabzoba mbili za boda boda yetu zimetokana na mtindo mwingine, wa uma wenye springi moja kila upande, ambao mafundi wengine waliuendeleza. Alichofanya Vincent ni kuonyesha kwa chuma, tena mapema, kwamba kosa halikuwa la springi bali la kiungo kibaya, na kulishikilia neno hilo wakati wanunuzi walipomkimbia.

Ndugu wanafunzi, tuna tabia hapa shuleni ya kumcheka mwenzetu anayechora mitambo nyuma ya daftari wakati wa prep. Pengine mchoro wake ni upuuzi kweli. Lakini kabla hujacheka, muulize kama Vincent alivyojiuliza: kilichokosewa ni wazo lenyewe, au ni kipande kimoja tu ndani yake? Mara nyingi tunalitupa wazo zima kwa sababu ya pini moja iliyolegea.

Na wewe unayechora, usidanganyike kwamba kuwa na haki kutakulipa. Vincent alikuwa na haki, na kiwanda kikafungwa. Jifunze mchoro, na ujifunze pia hesabu za biashara. Mwalimu wa somo hilo atafurahi kusikia hayo.

Muhula ujao, ukiwa umebanwa kati ya sanduku na godoro, gurudumu la nyuma likianguka kwenye shimo kisha likatulia, mkumbuke yule mwanafunzi wa Cambridge. Kalamu yangu sasa yaishiwa na wino. Alamsiki!